Mtoto wa Kumi wa Katekista

Rangwi, Lushoto
4 Februari 2024

Wifi yangu Paskalina,

Tumsifu Yesu Kristo. Unaona ninavyoitamka salamu yenu bila kujikwaa? Miaka saba kwenu imeutoa Ulutheri wa kwetu Magamba mdomoni mwangu, ingawa nikishtuka bado nasema "Bwana asifiwe."

Ulipoondoka kwenda unovisi, mafunzo yako ya usista, uliniomba niwe mwandishi wa nyumba hii, kwa kuwa mwaka mzima hamruhusiwi kushika simu. Nimekubali. Ndugu zako wanane wamesahau kalamu inavyoshikwa, na Baba akiandika anaandika mahubiri. Mama amesimama hapa karibu na jiko ananiambia la kuandika. Anasema: "Mwambie asiwe na wasiwasi, barua atapata. Mke wa Benjamini hana mtoto wa kumvuta kanga, ana nafasi." Nimeandika kama alivyosema.

Ukungu umekuwa mzito, hata kengele ya kanisa tunaisikia kama inatoka chini ya maji. Kabichi zimeshika vizuri. Kaka yako Benjamini yuko shambani mpaka jioni, halafu mazoezi ya kwaya. Loveness amefika darasa la tano na anataka kila mtu ajue kwamba yeye, kitindamimba, ameshika nafasi ya pili.

Mama hajisikii vizuri tangu baada ya Noeli. Harufu ya vitunguu inamfukuza jikoni, na akitoka kanisani anakaa kwanza kwenye ngazi. Anasema ni vidonda vya tumbo. Usijali, namwangalia.

Baba anakusalimu. Anamwambia kila mtu, "Mwanangu wa nne nimempa Mungu."

Wifi yako,
Marta


Nyumba ya Wanovisi, Morogoro
17 Machi 2024

Wifi Marta,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo.

Barua yako nimeisoma mpaka imelainika. Hapa joto ni la kukaangia, nami nimekulia kwenye baridi. Nikipiga magoti kanisani jasho linadondoka kwenye kitabu cha sala. Tuko kumi na moja. Tunalima, tunafua, tunasali, tunanyamaza. Kunyamaza ndiko kunakonishinda, nawe unanijua.

Wifi, usinifiche. Shangazi Agata naye alianza hivyo hivyo: harufu ya chakula, kukaa kwenye ngazi, "ni vidonda tu." Tulipokuja kuambiwa ni saratani, hakumaliza Kwaresima. Kila nikifumba macho namwona Mama amelala kwenye kile kitanda cha shangazi. Nilimwomba Sista Mlezi ruhusa nije nyumbani japo mara moja. Akasema mwaka huu wa kwanza haukatizwi ila kwa msiba.

Nimeanza kufunga Jumatano na Ijumaa kwa ajili ya Mama. Na kwa ajili yako pia, wewe unajua ni kwa jambo gani.

Mpelekeni hospitali. Niandikie ukweli, hata kama ni mbaya.

Mdogo wako,
Paskalina


Rangwi
21 Aprili 2024

Wifi yangu,

Kaa chini kwanza. Kama Sista Mlezi anasoma barua hii kabla yako, naye akae.

Mama haumwi saratani wala vidonda. Mama ana mimba.

Nimeandika sentensi hiyo nikaiangalia, na bado haionekani kama yetu. Acha nikueleze ilivyokuwa.

Baada ya barua yako nilimwambia Baba kwamba usingizi umekutoka, akakubali tuende zahanati. Mvua ilikuwa inanyesha, njia imejaa tope, Mama ananishika bega. Baba alibaki barazani na wanaume wengine. Nesi Salma akachukua vipimo, tukakaa kwenye benchi, mimi na Mama, bega kwa bega, Mama anasali Rozari chini chini. Salma akatoka na karatasi, akatutazama wawili, akaja moja kwa moja kwangu, akanikumbatia.

"Hongera, dada! Jamani, hongera! Nilijua tu Mungu hakukusahau."

Wifi, kwa muda wa kuvuta pumzi moja niliamini. Nilisahau kwamba sikuwa nimepimwa mimi.

Mama akasema, "Salma, mgonjwa ni mimi."

Salma aliniachia. Akasoma jina kwenye karatasi, akamtazama Mama, akanitazama mimi, macho yakamjaa maji. "Mama Benjamini," akasema, "basi ni wewe."

Mama akacheka. Alicheka kama mtu aliyetaniwa. Halafu akaona Salma hacheki. Rozari ikamdondoka, nikaiokota, kwa sababu hakukuwa na kingine cha kufanya.

Kule nje Baba alipoambiwa alivua kofia, akaivaa, akaivua tena. "Nani?" akauliza. Nikasema, "Mama." Akauliza tena, "Mama yupi?" Katekista mzima, baba wa watoto tisa, ananiuliza mama yupi.

Mama ana miaka arobaini na minane. Wajukuu anao wanne. Wiki hiyo hiyo alijiuzulu uenyekiti wa akina mama wa WAWATA. Aliniambia, "Nilikuwa nawafundisha wanawake kupanga uzazi kwa njia za asili. Nitasimama mbele yao na tumbo hili?" Loveness anauliza kama bado yeye ni kitindamimba.

Benjamini ndiye amelichukulia vibaya kuliko wote. Hali tena chakula cha mama yake. Nilimuuliza, "Mama amekukosea nini?" Akasema, "Hajanikosea. Niache." Anatoka alfajiri, anarudi amelowa.

Unaniuliza mimi? Mimi sijambo. Namchemshia Mama uji wa ulezi, namkanda miguu. Kazi ipo.

Usifunge tena kwa ajili yangu.

Marta


Nyumba ya Wanovisi, Morogoro
12 Mei 2024

Wifi Marta mpenzi,

Shikamoo. Nilipiga kelele. Kwenye chumba cha kusomea, wakati wa kimya kikuu, nilipiga kelele mpaka Sista Mlezi akaja mbio akidhani ni nyoka. Nikampa barua yako. Akaisoma, akaketi, kama ulivyomwagiza.

Siku mbili sikuweza kusali. Nilikuwa nimeshajiandaa kwa kifo, nimeshachagua hata zaburi, na badala yake naletewa mtoto. Nilimkasirikia Mama, Mungu anisamehe. Niliona aibu mbele ya wenzangu. Halafu nilimfikiria Elizabeti mke wa Zakaria, nikaona aibu kwa kuona aibu.

Siku ya tatu, wifi, nikiwa mbele ya Ekaristi, kuna jambo lilinijia waziwazi, kama mtu ameninong'oneza. Sitakuambia. Nimemwandikia Baba, yeye ndiye mwenye kuliamua. Nataka likufikie kama zawadi, lisikufikie kama habari ya barua. Nakuomba tu uanze kufurahi. Miaka saba ya machozi yako haikupotea bure, hilo nakuhakikishia.

Mshike Mama mkono kwa ajili yangu. Mwambie simhukumu.

Mdogo wako anayekupenda,
Paskalina


Rangwi
30 Juni 2024

Paskalina,

Umemwandikia Baba nini?

Nakuuliza kwa sababu amebadilika. Zamani alikuwa ananiita "mke wa Benjamini," sasa ananiita "mwanangu." Ananitazama nikipita na ndoo, anatabasamu, anatikisa kichwa. Jumapili aliniambia, "Vumilia, Marta. Siri ya Mungu ina wakati wake." Nilimuuliza ni siri gani, akaimba.

Mama presha imepanda. Daktari amesema atajifungulia Lushoto, si hapa, na pengine kwa upasuaji. Miguu imevimba, viatu havimwingii, anavaa ndala za Benjamini. Lakini nikuambie kitu kimoja: anaongea na hilo tumbo. Anadhani simsikii. Anaongea nalo Kishambaa, polepole, analisimulia habari za shamba, nani kapalilia, mbuzi yupi kazaa. Mwanzoni alikuwa analificha kwa kitenge. Sasa akikaa juani anaweka mikono miwili juu yake.

Tumezoeana kwa namna ambayo hatukuwahi. Juzi nilikuwa nampaka mafuta miguuni akaniambia, "Marta, una mikono mizuri." Katika miaka saba hilo ndilo neno lake la kwanza kwangu lisilo na mwiba ndani yake.

Nijibu hilo nililouliza.

Marta


Kigango cha Rangwi
1 Septemba 2024

Kwa binti yangu mpendwa katika Kristo, Novisi Paskalina,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini u mzima wa roho na mwili.

Nakuarifu kuwa mama yako alijifungua mtoto wa kike, Lushoto, kwa upasuaji. Damu ilimtoka nyingi. Madaktari walituambia tusali, nasi tukasali. Mke wa kaka yako, Marta, alilala sakafuni kando ya kitanda siku zote alizolazwa na hakukubali kubadilishwa na mtu. Sasa mama yako anakaa na kula. Mtoto ana afya, analia kwa sauti ya kutosha kuongoza kwaya. Tumempa jina Heri.

Kuhusu lile uliloliona katika sala na kuniandikia mwezi wa tano: nimelitafakari na nimeliona kuwa ni la Mungu. Sisi tumeshiba watoto. Nyumba ya Benjamini ni kavu. Nimezungumza na Benjamini, naye hakupinga. Mama yako nitamjulisha wakati ukifika, kwani bado ni dhaifu. Akipata nguvu za kukaa na watu nitaita ndugu wote, nimkabidhi Marta mtoto mbele yao, naye aitwe mama.

Unaona jinsi Mungu anavyotumia kinywa cha mdogo. Simama imara katika wito wako.

Baba yako,
Kristian, Katekista


Nyumba ya Wanovisi, Morogoro
15 Septemba 2024

Mama Heri!

Niache nikuite hivyo, niwe wa kwanza. Mama Heri, Mama Heri! Hivi unaposoma hapa bila shaka Baba ameshakukabidhi, nawe unaelewa kwa nini nilinyamaza nisikujibu ile barua ya Juni. Nisamehe, nilikuwa najing'ata ulimi.

Wenzangu wote wamekushangilia. Tumemwimbia Mungu baada ya chakula cha mchana, na Sista Mlezi ameturuhusu soda. Mimi nililia. Nilijua hutabaki hivyo maisha yako yote.

Niandikie anafananaje. Anakushika kidole? Ameshazoea harufu yako? Benjamini anasemaje sasa, ule uso wake umefunguka?

Mbusu kwa ajili ya shangazi yake. Au dada yake, sijui tumwiteje, tutachanganyikiwa sote na tutacheka.

Paskalina


Magamba
6 Oktoba 2024

Paskalina,

Nakuandikia kutoka kwa baba yangu, Magamba. Usiniite tena jina lile.

Barua yako ya shangwe ilinifuata huku. Loveness aliileta pamoja na nguo zangu zilizobaki. Nimekaa nayo wiki nzima nikitafuta namna ya kukuandikia bila kukutukana. Basi nitakusimulia tu, wewe utajipimia mwenyewe.

Ndugu walikuja Jumamosi moja mwezi uliopita. Baba mkubwa na wazee wawili wa jumuiya, ndugu zako wote walioweza kufika. Nilikuwa nimepika tangu asubuhi nikidhani ni sherehe ya kumwona mtoto. Tulipomaliza kula Baba alisimama, akasali, akamchukua Heri mikononi mwa Mama. Mama alidhani anataka kumwonyesha kwa wageni. Baba akatoa barua yako mfukoni, akaisoma kwa sauti ile ya masomo ya Misa: "Baba, nimeona kwamba Mungu amempa Mama mtoto huyu ili Marta awe mama." Akasema, "Haya ni maneno ya mtu aliyewekwa wakfu." Halafu akavuka chumba na mtoto, akaja kuniwekea mapajani.

Nilikunja mikono.

Sikupanga. Mikono yenyewe ilijikunja. Nikasema, "Hapana, Baba."

Baba mkubwa akacheka. "Ni furaha. Imemzidi."

"Si furaha," nikasema. "Mtoto huyu ana mama yake."

Baba akasema, "Marta, hujaelewa. Ni wako. Tumekupa."

"Nimeelewa, Baba. Nani amemuuliza Mama?"

Nikamgeukia Mama. Alikuwa amekaa pale pale, kidonda cha upasuaji hakijapona vizuri, mikono yake bado imekaa kama inabeba mtu. Heri alikuwa ameanza kulia. Na maziwa, Paskalina, maziwa yalikuwa yanamtoka Mama yanalowesha gauni, mbele za wanaume, na hakujifunika wala hakusema neno. Alikuwa anamtazama mtoto tu.

Ndipo Baba akanipandishia sauti. Sijawahi kumsikia hivyo. "Mwanamke miaka saba hana kitu, analetewa mtoto mikononi, anakunja mikono! Wewe usiyezaa ni wa kuchagua?"

Kaka yako akasimama. Alikuwa kwenye kona karibu na mlango. Akasema, "Baba, mwache mke wangu. Asiyezaa ni mimi."

Baba mkubwa akamwambia, "Benjamini, kaa chini, usimfunike mkeo."

"Simfuniki. Yeye ndiye amenifunika bila kujua. Nilipima Tanga, tulipokwenda mashindano ya kwaya. Daktari aliniambia kasoro ni yangu. Nilimwomba asiniandikie popote."

Mashindano yale ya kwaya, wifi, yalikuwa miaka mitatu nyuma.

Miaka mitatu! Kila mwezi Mama alikuwa ananichemshia ile mizizi michungu ya kutafutia mimba, na Benjamini ndiye aliyekuwa ananishikia kikombe. "Kunywa, pole, maliza." Alikuwa anajua, na ananishikia kikombe. Sasa nimefahamu kwa nini hakuweza kula kwa mama yake. Kila alipoliona lile tumbo aliona uongo wake unakua.

Sikulia. Nilisimama, nikamtoa Heri mikononi mwa Baba, hakunizuia, nikampeleka kwa mama yake. Mama alimpokea akampa ziwa hapo hapo. Kisha nikaingia chumbani nikafunga kanga mbili. Benjamini alinifuata mpaka barabarani akiniita. Sikugeuka.

Baba yangu Anord hajaniuliza kitu. Alinitengea kiti karibu na moto akaenda kunipasulia kuni.

Nataka nikuulize jambo moja tu. Ulipoambiwa na Mungu hayo yote kuhusu mimi, kwa nini hukuniuliza mimi?

Marta


Nyumba ya Wanovisi, Morogoro
27 Oktoba 2024

Wifi Marta,

Shikamoo. Sijui kama bado nina haki ya kukuita wifi.

Barua yako niliisoma nimesimama, na nilipofika kwenye gauni la Mama nikakaa chini. Mimi ndiye niliyefanya hivyo. Nilikuwa Morogoro na kalamu, nikamnyang'anya mama yangu mtoto.

Nilimpelekea Sista Mlezi kila kitu, hata barua niliyomwandikia Baba, kwa maana nilibaki na nakala. Nilikuwa nimejivunia maneno yake. Akaisoma, akavua miwani. "Paskalina," akaniuliza, "ulimsikia Mungu, au ulijisikia mwenyewe?" Nikasema sijui. Akasema, "Hilo 'sijui' ungeliandika mwezi wa tano."

Wifi, swali lako nimelijibu hivi, na ndilo jibu la kweli nililo nalo. Sikukuuliza kwa sababu nilikuwa nakuogopa. Mimi nimeukataa uzazi kwa hiari yangu, nikapigiwa vigelegele na kijiji kizima. Wewe umeulilia, ukapewa maneno. Kila nilipokuona nilijihisi kama mtu anayetupa mkate mbele ya mwenye njaa. Nilitaka upate mtoto ili mimi nipumzike. Nikaliita hilo sauti ya Mungu.

Kuhusu Benjamini sina la kusema. Nilicheza naye, nililala mgongoni mwake nikiwa mdogo, na sikujua kwamba anaweza kukaa na jambo kama hilo na bado akaimba. Sikuombi umsamehe. Wala mimi sikuombi unisamehe haraka.

Nimemwandikia Mama. Ni mistari mitatu. Nimemwomba Loveness amsomee wakiwa wawili tu.

Kama hutajibu, nitaelewa.

Paskalina


Rangwi
30 Desemba 2024

Wifi yangu Paskalina,

Tumsifu Yesu Kristo.

Unaona nimeandika Rangwi hapo juu. Nilirudi kabla ya Noeli. Nisubiri nikusimulie kwa utaratibu, kwa sababu jana kanisani limetokea jambo ambalo mpaka sasa kijiji kinaliongelea mdomo wazi, na sitaki ulisikie kwa mtu mwingine.

Mwezi wa kumi na moja Mama alikuja Magamba. Peke yake, na Heri mgongoni. Alishuka kwenye bodaboda pale msituni akapanda kilima kwa miguu, na baridi ile, na tumbo lililoshonwa. Nilimwona akiwa bado chini njiani nikadhani nimemfananisha. Tangu niolewe sijawahi kumwona anakwenda mahali bila Baba au bila WAWATA. Baba yangu alimpokea, akampa maziwa ya moto, akatoka kutuachia nyumba.

Mama hakuzunguka. Alisema, "Mwanangu ndiye alikuwa mgonjwa, nikakunywesha dawa wewe. Nimekuja kukuomba msamaha. Sikuja kukuchukua."

Nilimwambia, "Mama, hukujua."

Akasema, "Kutojua hakunifunga mdomo. Maneno nilikuwa nayasema mwenyewe."

Tulilia, wifi, sitakuficha. Tukala viazi. Akalala, asubuhi akafunga mtoto mgongoni akaondoka, wala hakuniuliza nitarudi lini. Nadhani ndiyo sababu nilianza kufikiria kurudi.

Benjamini alikuwa amekuja mara kadhaa kabla ya hapo, nikakataa kutoka. Safari ya mwisho nilimwambia kupitia dirisha kwamba siongei naye mpaka amwambie baba yangu kwa kinywa chake. Akaenda kwa baba yangu kule anakopasua mbao, akamwambia mbele ya wafanyakazi wenzake, kofia mkononi. Baba yangu akamjibu, "Ungenijia na hilo miaka mitatu nyuma ningekukumbatia. Leo shika huko mwisho wa gogo." Walipasua mpaka jioni. Ndipo nikatoka nikampa maji.

Nimerudi, lakini usidhani yameisha. Kuna siku namtazama anafunga kamba za viatu na hasira inanipanda upya, namwambia atoke mbele yangu, naye anatoka. Kuna siku nyingine tunacheka. Tumekubaliana kwenda pamoja kwa daktari mwakani, tukae wote wawili kwenye benchi moja tusikie kitu kimoja. Likitoka lolote, litatoka mbele yetu wote.

Wewe nimekusamehe. Ilinichukua muda. Ile sentensi ya mkate mbele ya mwenye njaa ndiyo iliyonifungua, kwa sababu ilikuwa mbaya na ilikuwa ya kweli.

Sasa la jana.

Ilikuwa Jumapili ya Familia Takatifu, na Heri alibatizwa. Mama aliniomba niwe mama yake wa ubatizo. Aliniomba mapema, akanipa siku za kufikiri, nami nikakubali. Baada ya ubatizo Padre akaita familia zije mbele moja moja kushukuru kwa mwaka. Ikafika zamu ya familia ya Katekista. Walisimama safu nzima, wajukuu mbele. Mimi nilikuwa nimerudi benchi la nyuma kabisa na akina mama wa Malindi ya huku Lushoto waliokuja kuona ubatizo, kwa sababu bado Baba na mimi tulikuwa tunasalimiana tu, "Shikamoo Baba," "Marahaba," basi. Tangu siku ile ya barua hakuwahi kunitazama usoni.

Baba alishika kipaza sauti. Alishukuru kwa mvua, kwa mavuno, kwa wewe novisi, kwa madaktari, kwa watoto kumi. Alishukuru vizuri kama anavyojua. Akamaliza, akataka kumrudishia Padre kipaza sauti. Mama akanyoosha mkono.

Baba hakuelewa. Alidhani anataka kushikiwa mtoto. Mama akakichukua kipaza sauti mkononi mwake. Unajua Mama hajawahi kusema kanisani Baba akiwapo. Hata alipokuwa mwenyekiti, taarifa ilikuwa inasomwa na katibu.

Akasema, "Nina neno moja la kuongeza. Namshukuru Mungu kwa mkwe wangu Marta, aliyesema hapana." Tukadhani amemaliza. "Mtoto huyu alitolewa mikononi mwangu, na mimi mama yake sikuweza kusema. Miaka thelathini na moja ya ndoa nimesema ndiyo, sikujua hapana inaanzia wapi. Marta alikunja mikono. Ndiyo maana leo nina mtoto wa kubatiza."

Wifi, kanisa lote liliduwaa. Hata watoto. Padre alimtazama Baba, wanakwaya wakamtazama Baba, Benjamini akainamisha kichwa. Mimi nilikuwa natafuta pa kujificha nyuma ya akina mama wa Malindi, nao wamegeuka wote kuniangalia.

Baba alisimama pale, uso umekuwa wa kijivu. Aliangalia chini. Mimi nilijisemea moyoni, sasa atatoka, atapita mlangoni, na nyumba ile imekwisha. Akainua kichwa, akanitafuta kwa macho mpaka akaniona.

"Amina," akasema.

Haikuwa kwenye kipaza sauti, hicho kilikuwa mkononi mwa Mama. Lakini tulisikia. Kanisa likaitikia.

Mama akamrudishia Padre kile chombo, akamweka Heri vizuri mgongoni, akatembea. Akapita benchi la mbele la familia, hakukaa. Akaja mpaka nyuma kabisa, akina mama wakasogea, akakaa karibu yangu.

Wifi yako,
Marta